Live Transcribe darasani: maandishi ya papo hapo kwa mwanafunzi kiziwi

Katika programu ambazo mwalimu anaweza kumwekea mwanafunzi kiziwi kwenye simu bila kulipa hata shilingi moja, sijaona inayoifikia Live Transcribe ya Google kwa manufaa. Kazi yake inaeleweka kwa urahisi: inasikiliza maneno yanayosemwa karibu na simu na kuyaandika kwenye kioo papo hapo, kwa herufi kubwa, huku msemaji akiendelea kusema. Inapatikana Play Store kwa simu za Android, na siku hizi huitwa Live Transcribe & Notification kwa sababu imeunganishwa na huduma ya kumjulisha mtumiaji sauti muhimu zinazosikika karibu naye, kama king'ora cha moto, mtoto anayelia au mlango unaogongwa. Wenye iPhone hawataipata. Tathmini hii inaiangalia kutoka darasani, katika shule ya sekondari ambamo wanafunzi viziwi na wanaosikia hukaa chumba kimoja, kwa kuwa huko ndiko nilikoiona ikifanya kazi. Niseme mapema msimamo wangu: kwa mwanafunzi anayesoma vizuri, aliye mahali penye intaneti, programu hii ni msaada mkubwa na ninaipendekeza bila kusita, lakini shule itakayoitumia kama sababu ya kutoajiri mkalimani wa lugha ya alama itakuwa imemdhulumu mtoto.

Ili kuiona thamani yake, ni lazima kwanza kuelewa jinsi kipindi kimoja kinavyomchosha mwanafunzi kiziwi. Mwanafunzi anayesikia husikiliza huku ameinamia daftari. Masikio yanapokea, mkono unaandika, na macho yanakwenda ubaoni pale tu inapohitajika. Mwanafunzi kiziwi hana nafasi hiyo. Macho yake ndiyo yanayopokea kila kitu: mikono na uso wa mkalimani, mchoro ulioko ubaoni, midomo ya mwalimu, na ncha ya kalamu yake mwenyewe. Akiinama kuandika sentensi moja, mbili zinazofuata zimempita, na hakuna wa kumjulisha kwamba zimempita. Mwalimu anapochora moyo ubaoni huku akieleza damu inaingilia wapi na kutokea wapi, mwanafunzi huyu analazimika kuchagua kati ya kuutazama mchoro na kuyatazama maelezo yake. Wengi huchagua maelezo, kisha jioni huazima daftari la jirani, na daftari la jirani lina yale tu ambayo jirani aliona yanafaa kuandikwa.

Hapo ndipo programu hii inaponifurahisha kuliko mahali pengine popote, kwa sababu maandishi yake yanabaki. Mkalimani akishusha mikono, alama imekwisha, na mwalimu akifunga mdomo, hakuna tena cha kutazama. Lakini mstari ulioandikwa kwenye simu bado upo, na mwanafunzi anaweza kuurudia. Ukiwasha sehemu ya kuhifadhi iliyomo kwenye mipangilio, maandishi hukaa kwenye simu kwa siku 3 kabla ya kufutika, na ndani ya muda huo yanaweza kunakiliwa na kubandikwa kwenye programu nyingine ili yadumu. Nimemwona mwanafunzi wa kidato cha tatu, katika muda wa kujisomea jioni, akirudisha maandishi ya kipindi cha biolojia mpaka mahali mwalimu alipoeleza tofauti ya ateri na vena, akasoma polepole, akarekebisha mchoro wake, kisha akaandika maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Jirani yake anayesikia akaiomba ile simu asome na yeye, kwa maana sehemu hiyo hakuwa ameiandika. Kwa mtoto aliyezoea kila jioni kuwa mwombaji wa daftari, jambo hilo si dogo.

Chimbuko la programu hii linaeleza kwa nini imetulia kuliko vifaa vingi vinavyobuniwa kwa ajili ya viziwi. Dimitri Kanevsky, mtafiti wa Google aliye kiziwi tangu utotoni, alikuwa akihudhuria mikutano kwa msaada wa watu waliochapa maneno ya wasemaji ili yeye ayasome, huduma ambayo ni ghali na huhitaji kupangwa mapema. Mwenzake Chet Gnegy, ambaye ni mhandisi, aliona usumbufu huo, nao wakaanza kujenga njia ya kutumia simu ya kawaida. Kazi hiyo ilifanywa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Gallaudet kilichoko Washington, chuo cha viziwi kilichoanzishwa mwaka 1864, na programu ikatolewa kwa umma Februari 2019. Ushauri wa watumiaji viziwi unaonekana katika mambo madogo. Kwa mfano, watengenezaji walifikiria kuyapaka rangi maneno ambayo mashine haina uhakika nayo, wakagundua kwamba rangi hizo zinamvuruga msomaji badala ya kumsaidia, wakaziacha. Anayesoma mazungumzo yanayokwenda mbio anahitaji ukurasa mtulivu.

Historia inaonyesha kwamba ubora unaotokana na ushauri wa viziwi wenyewe si jambo la bahati. Alexander Graham Bell, aliyepewa hataza ya simu mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi na mke wake alikuwa kiziwi. Hata hivyo, chombo alichokitoa kiliwafungia viziwi nje ya mawasiliano kwa muda unaokaribia karne nzima. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1964, pale Robert Weitbrecht, mwanafizikia wa Marekani ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi, alipobuni kifaa kilichowezesha mashine za kuchapa kutumiana maandishi kupitia laini ya kawaida ya simu. Kifaa kinachobuniwa na anayekihitaji huanza na swali sahihi.

Sasa niieleze inavyotumika. Ukiifungua, hakuna kurasa za kupitia wala akaunti ya kutengeneza. Inaanza kusikiliza mara moja. Maneno hutokea chini ya kioo na kupanda juu kadiri mazungumzo yanavyosonga. Mtumiaji mpya atashtuka kidogo kuona neno lililokwisha andikwa likibadilika mbele ya macho yake, lakini ndivyo inavyofanya kazi: mashine hukisia neno kwa sauti iliyosikika, kisha hulisahihisha inapopata maneno yanayofuata. Kwa hiyo ni vyema mwanafunzi ajifunze kusoma akiwa nyuma kidogo ya msemaji, asiukimbilie mstari wa mwisho ambao bado haujatulia. Pembeni mwa kioo kuna duara mbili, moja ndani ya nyingine. Ya ndani huonyesha kiasi cha kelele za mazingira na ya nje huonyesha jinsi sauti ya msemaji inavyofika. Alama hii ndogo ni hazina, kwa sababu kiziwi hawezi kujua kwa njia nyingine kwamba feni imezidi kelele au kwamba sauti ya mwalimu haifiki vizuri. Akiona sauti ya msemaji haizizidi tena kelele, anajua kuwa ni wakati wa kuisogeza simu. Simu pia inaweza kutetemeka mtu anapoanza kusema baada ya ukimya, au jina la mtumiaji linapotajwa, na ndani ya programu kuna sehemu ya kuandika jibu na kumwonyesha anayesikia. Wanafunzi wangu wameipenda sana sehemu hiyo ya mwisho wanapokuwa dukani na zahanati, mahali ambapo hakuna mkalimani na foleni haisubiri.

Umbali ni jambo linalohitaji kuzingatiwa kuliko vyote. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa mdomo ulio karibu, na darasa letu la kawaida lina sakafu ya saruji, bati lisilo na dari na madirisha wazi, hivyo sauti hugonga kuta na kurudi kabla haijafika kwenye dawati la nyuma. Simu ikikaa kwa mwanafunzi, inapokea mwangwi pamoja na minong'ono ya majirani. Ikikaa kwenye meza ya mwalimu, inapokea sauti safi lakini mwanafunzi haioni. Njia inayofaa ni mwalimu kubana kwenye kola maikrofoni ndogo isiyotumia waya, na kipokezi chake kichomekwe kwenye simu iliyo mbele ya mwanafunzi. Maikrofoni za namna hii siku hizi zinauzwa hata kwenye maduka ya vifaa vya simu mitaani, kwa kuwa wapiga picha za video wanazitumia. Mvua ikinyesha juu ya bati, hata hiyo haitoshi. Lakini mvua ya namna hiyo huwakosesha kipindi hata wanaosikia.

Kuhusu intaneti, sauti hupelekwa kwenye mitambo ya Google na maandishi hurudi, kwa hiyo bando ni lazima. Watengenezaji walilifikiria jambo hili kwa uangalifu wa kupongezwa: ndani ya simu kuna mfumo mdogo unaotambua kama kuna mtu anayesema, na huufunga mawasiliano ya mtandao wakati wa ukimya ili kuokoa data, kisha huyafungua tena maneno yanapoanza. Sauti yenyewe hubanwa kabla ya kutumwa. Matumizi yake ni madogo yakilinganishwa na simu ya video, ambayo ndiyo viziwi huitumia kuongea kwa alama wakiwa mbalimbali. Hata hivyo, vipindi vya siku nzima, siku tano kwa wiki, ni mzigo kwa mzazi wa kijijini, na shule yenye nia njema inapaswa kuubeba kwa kuweka mtandao wa shule unaofika darasani. Hali ya kutumia programu bila intaneti iliongezwa baadaye kwa lugha chache, Kiingereza kikiwemo; anayetaka kuitegemea aangalie kwanza kwenye mipangilio kama lugha yake imo kwenye orodha ya kupakua.

Suala la lugha linahitaji maelezo marefu zaidi kwa wasomaji wa kwetu. Programu ilianza na lugha zaidi ya 70. Google ilikuwa imeingiza Kiswahili kwenye huduma yake ya kuandika kwa sauti tangu Agosti 2017, na matunda ya kazi hiyo yanaonekana hapa pia. Lugha yetu ina bahati moja katika kazi hii: huandikwa kama inavyotamkwa, kwa hiyo mashine haina mtihani wa kuchagua kati ya tahajia mbili za sauti moja, mtihani unaoisumbua sana katika Kiingereza. Mwalimu anayesema Kiswahili fasaha, kwa mwendo wa kawaida na bila kumeza miisho ya maneno, huirahisishia kazi mashine na humrahisishia msomaji. Ugumu unakuja pale lugha zinapochanganywa. Katika sekondari za Tanzania, masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza huku mwalimu akifafanua kwa Kiswahili, na mara nyingi lugha zote mbili hukutana ndani ya sentensi moja. Programu inakuruhusu kuweka lugha mbili na kuhama kutoka moja kwenda nyingine kwa kugusa kitufe, lakini lugha inayosikilizwa kwa wakati mmoja ni moja. Neno la Kiingereza lililopachikwa katikati ya Kiswahili, tena likavishwa kiambishi cha Kiswahili, liko hatarini kuandikwa kama neno lingine linalofanana nalo kwa sauti. Dawa ni mwalimu kuzoea kumaliza wazo zima katika lugha moja kabla ya kuhamia nyingine. Walimu niliowaomba wafanye hivyo waligundua kwamba hata wanafunzi wanaosikia waliwaelewa vizuri zaidi.

Istilahi za masomo nazo zina dawa yake. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuongeza maneno maalumu, yaani majina ya watu, ya mahali na msamiati usio wa kawaida, ili mashine iyatarajie. Mwalimu wa biolojia anaweza kuingiza usanisinuru, klorofili na maneno mengine ya mada kabla ya kipindi, na mwalimu wa historia akaingiza Kinjikitile, Mkwawa na Kilwa Kisiwani. Ni kazi ya dakika chache, na nashauri wapewe wanafunzi wenyewe waifanye jioni kabla ya mada mpya, kwa kuwa anayeandika orodha ya maneno ya somo la kesho ameshaanza kulisoma.

Majadiliano ya vikundi ni sehemu ambayo programu hii haiwezi kubeba peke yake. Maandishi hayaonyeshi nani amesema nini. Sauti tatu zikipishana, zinatoka kama mtiririko mmoja. Kikundi chenye nidhamu hupeana simu mkononi kama fimbo ya mzungumzaji, na mwenye simu ndiye anayesema. Utaratibu huu unakwenda polepole, lakini unampa kiziwi kitu ambacho majadiliano mengi humnyima, nacho ni kujua zamu ya kusema iko kwa nani na itamfikia lini.

Sasa nizungumzie jambo ninalolichukulia kwa uzito wa pekee. Maandishi humfaa anayeyasoma na kuyaelewa. Watoto viziwi walio wengi sana huzaliwa na wazazi wanaosikia na wasiojua lugha ya alama, na wengi hufika shule wakiwa na miaka saba, minane au zaidi bila lugha yoyote kamili, si ya alama wala ya maandishi. Mtoto huyo ukimwekea mbele kioo kilichojaa Kiswahili safi, umempa ukuta wa herufi. Anachohitaji ni Lugha ya Alama ya Tanzania, au ya Kenya kwa aliyeko Kenya, aipate mapema na kwa wingi, kutoka kwa viziwi watu wazima na walimu wanaoijua barabara, kwa kuwa lugha hiyo ndiyo itakayomjengea akili ya kuelewa sentensi za lugha ya pili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 24, unazitaka nchi kurahisisha kujifunza lugha ya alama na kukuza utambulisho wa kilugha wa jamii ya viziwi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Simu inayoandika haiwezi kuchukua nafasi ya mambo hayo, na yeyote anayeitembeza kwa wakuu wa shule kama njia ya kupunguza gharama za wakalimani anauza kitu ambacho hakimo ndani yake. Mkalimani humfikishia mwanafunzi maana, huona uso wake unapokunjamana kwa kutoelewa, na humrudishia darasa swali lake.

Kwa sababu hiyo, kwa shule za msingi ningeelekeza fedha kwingine kwanza. eKitabu ya Nairobi imetengeneza hadithi za watoto zenye video za Lugha ya Alama ya Kenya sambamba na maandishi, na hicho ndicho chakula cha umri huo: mtoto anaona alama, anaona neno, na hadithi inaviunganisha. Kuna pia Terp 360 ya Elly Savatia wa Kenya, iliyoshinda Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2025, ambayo hugeuza maneno kuwa alama zinazoonyeshwa na mwanasesere wa kidijitali. Mwelekeo wake ni mzuri kwa kuwa unamfuata kiziwi kwenye lugha yake, na ni jambo la kujivunia kwamba umeanzia Afrika Mashariki. Glovu zinazosoma alama na kuzitamka, kama Sign-IO ambayo Roy Allela wa Kenya aliibuni akimfikiria mpwa wake kiziwi, zimetoka kwenye moyo wa upendo. Tatizo la glovu kwa jumla, kama viziwi wengi duniani wanavyolieleza, ni kwamba sarufi ya lugha ya alama iko pia usoni, mabegani na kwenye mwendo wa mwili, mahali ambapo glovu haifiki. Shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, ni kifaa cha kwanza kabla ya simu yoyote kwa mwenye usikivu uliobaki, mradi kitengenezewe kipande kinachomkaa vizuri sikioni na betri zake zipatikane.

Faragha isisahauliwe. Google inaeleza kuwa haihifadhi sauti kwenye mitambo yake, na maandishi yaliyohifadhiwa hubaki kwenye simu yenyewe. Hata hivyo, simu iliyo wazi mezani huandika pia mazungumzo ya wanafunzi wengine, na si haki kuyaweka bila wao kujua. Katika darasa langu tumekubaliana kwamba simu ikifunguliwa, inawekwa mahali ambapo kila mtu anaiona, na kipindi kikiisha inafungwa.

Kwa shule inayotaka kuanza, ningeshauri ianze na mwanafunzi mmoja au wawili wa sekondari ambao wanasoma kwa wepesi na wameomba wenyewe. Simu iwe mikononi mwao, wao ndio waamue iwashwe lini, kwa kuwa kuna vipindi ambavyo mkalimani pekee anatosha na kioo cha ziada ni usumbufu. Maikrofoni ya kola inunuliwe kabla ya kitu kingine chochote, na chaja iwe karibu, maana kioo kinachowaka kutwa nzima hula betri. Mkuu wa shule atamke mbele ya walimu wote kwamba simu hiyo ni kifaa cha kujifunzia, ili mwalimu wa zamu asije akamnyang'anya mtoto masikio yake kwa kisingizio cha kanuni ya simu. Na mkalimani aulizwe, kila mwisho wa wiki, ni mada zipi maandishi yalisaidia na ni zipi yalipotosha. Yeye yuko katikati ya mwalimu na mwanafunzi, na ataona mapema kuliko mtu mwingine yeyote.